Mchanga Katika Visima vya Gesi: Kadiria kwa Tabaka Dhaifu na kwa Maisha Yote ya Kisima

Kisima cha kwanza nilichokabidhiwa ili nikadirie hatari yake ya kutoa mchanga kilipita katika mwamba wa gesi wenye unene wa takribani mita 40. Nilichukua vipimo vyote vya nguvu ya mwamba, nikatafuta wastani wake, nikafanya hesabu, na nikaandika kwa uhakika kwamba kisima hicho hakihitaji chujio la mchanga. Kwa muda mrefu kilizalisha gesi safi. Shinikizo la hifadhi, yaani la gesi iliyomo ndani ya mwamba huo, liliposhuka, mchanga ukaanza kutoka, na tulipofungua vali ya kudhibiti mtiririko tulikuta chuma kimelika hadi karibu kutoboka. Niliporudi kwenye data niliyaona matabaka mawili, kila moja likiwa na unene usiofika mita moja, ambayo yalikuwa dhaifu kuliko mwamba wote uliobaki. Yalikuwamo katika vipimo tangu mwanzo, lakini wastani wangu ulikuwa umeyameza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwashauri wahandisi wenzangu wabadilishe swali. Mara nyingi tunaulizwa iwapo kisima fulani kitatoa mchanga au la, na swali likiulizwa hivyo halina jibu la kuaminika, kwa sababu kisima kilekile kinaweza kuwa salama leo na kisiwe salama baada ya miaka sita. Swali ambalo jiomekanika, yaani elimu ya mikazo na nguvu za miamba, inaweza kulijibu ni hili: hifadhi ikiwa imebakiwa na shinikizo kiasi fulani, shinikizo la chini ya kisima linaweza kushushwa hadi wapi kabla tabaka dhaifu kuliko yote halijaanza kuvunjika?

Msingi wake si mgumu. Uzito wa miamba iliyo juu hubebwa kwa pamoja na punje za mwamba na gesi iliyobanwa katika vitundu vya katikati yake. Sehemu inayobebwa na punje ndiyo mkazo halisi, dhana iliyowekwa wazi na mhandisi Karl Terzaghi katika miaka ya 1920 alipokuwa akichunguza udongo. Gesi inapotolewa na shinikizo lake kupungua, mzigo iliokuwa ikiubeba huhamia kwenye punje. Zaidi ya hayo, tundu lolote linalotobolewa ndani ya mwamba, liwe kisima chenyewe au matundu madogo yanayotobolewa kutoka kisimani ili gesi iingie, hulazimisha mkazo kulizunguka, hivyo ukuta wake hubanwa kuliko mwamba ulio mbali. Hesabu ya jambo hilo ilitolewa na mhandisi Mjerumani Kirsch mwaka 1898 na bado tunaitumia. Shinikizo lililo ndani ya tundu husaidia kuushikilia ukuta. Tunapolishusha ili gesi itiririke kwa wingi, tunaondoa mhimili huo.

Kuhusu mikazo yenyewe sitasema mengi. Mkazo wa wima hupatikana kwa kujumlisha msongamano wa miamba kutoka juu hadi chini, na mara nyingi huongezeka kwa megapaskali (kizio cha mkazo na shinikizo) 22 hadi 23 kwa kila kilomita. Mkazo mdogo wa mlalo hupimwa kwa kusukuma majimaji hadi mwamba upasuke kidogo. Mkazo mkubwa wa mlalo haupimwi moja kwa moja, bali hukadiriwa kutokana na namna kuta za kisima zilivyomeguka wakati wa uchimbaji. Uwekee upeo wa chini na wa juu, wala usijidanganye kwa thamani moja.

Makosa mengi niliyoyaona, yakiwamo yangu, yanatokana na nguvu ya mwamba. Kwa kawaida tunaikadiria kutokana na kasi ya mawimbi ya sauti, kwa kutumia milinganyo iliyotokana na miamba ya mahali pengine. Mmoja unaotumika sana ni wa mtafiti McNally wa mwaka 1987, uliotokana na miamba ya mchanga ya Australia. Kwa mlinganyo huo, wimbi likichukua mikrosekunde 80 kupita futi moja, nguvu ya mwamba usiobanwa pembeni inakuwa takribani megapaskali 67. Likichukua mikrosekunde 100, nguvu hiyo inashuka hadi takribani 33. Badiliko la robo tu katika kipimo limeipunguza nguvu kwa nusu. Sasa kumbuka kwamba gesi yenyewe huchelewesha mawimbi ya mgandamizo, na kwamba ukuta wa kisima uliomomonyoka huharibu kipimo kabisa. Kwa hiyo usiuamini mlinganyo wowote kabla hujaulinganisha na sampuli za mwamba wa hifadhi unayoishughulikia.

Hata sampuli zina mtego wake, na huu ningependa kila anayeanza kazi hii aujue mapema. Mwamba dhaifu hupukutika wakati wa kutolewa kisimani, wakati wa kusafirishwa, au unapokatwa maabara. Vipande vinavyofika salama kwenye mashine ya kupimia ndivyo vyenye nguvu, na ukivitegemea hivyo peke yake utapata picha ya mwamba imara usiokuwapo. Nenda mwenyewe ukaitazame sampuli nzima katika sanduku lake, uandike ni kina gani hasa kilichopatikana kikiwa mchanga mtupu au hakikupatikana kabisa. Omba pia kipimo cha kukwaruza, ambacho hupitisha ncha ngumu juu ya sampuli kwa urefu wake wote na kuonyesha nguvu inavyobadilika sentimita kwa sentimita. Kisha chagua vipande kutoka sehemu dhaifu kwa ajili ya kipimo cha silinda nene yenye tundu katikati, ambayo hubanwa kutoka nje hadi tundu lake liporomoke. Kipimo hiki kinafanana zaidi na tundu la kisima kuliko kile cha kuponda kipande kizima.

Nitaeleza kwa nambari za mfano. Tuseme mkazo wa wima ni megapaskali 56, mkazo mdogo wa mlalo ni 42, na hifadhi ina shinikizo la 26. Nguvu ya mwamba unaozunguka tundu, iliyotokana na kipimo cha silinda, tuichukue kuwa 110. Kwa mwamba unaotii kanuni za unyumbufu, wenye uwiano wa Poisson (kiasi mwamba unavyotanuka pembeni unapobanwa) wa 0.25, hesabu inaonyesha kwamba mwanzoni ukuta wa tundu hauvunjiki hata shinikizo la ndani likishushwa hadi sifuri. Shinikizo la hifadhi likifika 16, tundu linahitaji angalau 9 ili lisimame, kwa hiyo tumebakiwa na nafasi ya 7 tu ya kuvuta gesi. Likifika 12.5, hakuna nafasi iliyobaki: mvuto wowote, yaani kushusha shinikizo la kisima chini ya lile la hifadhi, utauvunja mwamba. Sasa punguza nguvu ya tabaka kutoka 110 hadi 100 pekee. Nafasi hiyo inakwisha hifadhi ikiwa bado ina zaidi ya 16, yaani mapema sana. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba wastani ni hatari. Tundu moja lililo katika tabaka dhaifu halisaidiwi na uimara wa majirani zake.

Hesabu hii inatabiri kuvunjika kwa mwamba, na mwamba uliovunjika si lazima utoe mchanga hapohapo, kwa kuwa punje zinahitaji mtiririko wenye nguvu ya kuzing'oa na kuzibeba. Katika gesi, kwa bahati mbaya, nguvu hiyo ipo ya kutosha, kwa sababu kasi karibu na matundu ni kubwa, na mchanga mchache ukirushwa kwa kasi hiyo kwenye kiwiko cha bomba hukwangua chuma haraka. Maji yakianza kuingia, ongeza tahadhari mara moja: huondoa mshikamano mdogo uliokuwa ukizifungamanisha punje na hulainisha udongo wa mfinyanzi unaozigandisha. Kufunga na kufungua kisima kwa ghafla nako huchosha ukuta wa tundu. Nimewahi kuona mchanga ukikoma kwa kubadilisha tu utaratibu wa kufungua vali, hatua kwa hatua ndani ya saa kadhaa.

Unapowasilisha matokeo, usipeleke neno moja la ndiyo au hapana. Chora mchoro wenye shinikizo la hifadhi upande mmoja na shinikizo la chini ya kisima upande wa pili, ukionyesha mpaka wa usalama kwa tabaka dhaifu, la kati na imara. Mchoro huo humwezesha anayeamua kuona iwapo aweke chujio tangu mwanzo, gharama na upungufu wa uzalishaji vikiwamo, au apunguze mvuto, au aelekeze matundu upande ambao kuta zake zitabanwa kidogo zaidi, au aruke tabaka fulani kabisa. Baada ya kisima kuanza kazi, rekodi siku zake za gesi safi kwa uangalifu uleule unaozirekodi siku za mchanga. Kisima kilichovutwa kwa nguvu bila kutoa punje hata moja kinakuambia kwamba mwamba wako una nguvu kuliko kiasi fulani, na hiyo ni data halali ya kurekebishia mpaka.

Kile kisima cha kwanza nilikihesabu upya kwa kutumia matabaka yake mawili dhaifu badala ya wastani. Shinikizo la hifadhi ambalo hesabu mpya ililitaja kuwa mwanzo wa mchanga lilikaribiana sana na lile lililorekodiwa siku ulipotokea. Katika visima vilivyofuata kwenye mwamba huohuo, matabaka hayo tuliyapita bila kuyatoboa.