Jibu: Kwa nini modeli inatoa ukakamavu mkubwa kuliko jaribio la kuvuta

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli ya alumini iliyoimarishwa kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni inatoa ukakamavu (uwezo wa kukinza kurefushwa) mkubwa kuliko ule uliopimwa katika jaribio la kuvuta. Ningeanza na historia ya joto, kwani hapo ndipo modeli nyingi hupwaya. Alumini inapopoa husinyaa kwa takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii ya Selsiasi, ilhali uzi wa kaboni karibu hausinyai kabisa kwa urefu wake. Kwa hiyo kipande cha jaribio hufika kwenye mashine ya kuvuta metali yake ikiwa tayari imevutwa, pengine imekwisha kupita kikomo cha unyumbufu (kiwango ambacho ikikipita hairudi tena kwenye urefu wake wa awali), na ule mstari ulionyooka mwanzoni mwa mchoro wa mzigo na mrefuko huwa mfupi mno, hivyo mwinamo unaopimwa hapo huweza kuonyesha ukakamavu mdogo. Tia hatua ya kupoa katika modeli kabla ya kuweka mzigo wowote, na upime ukakamavu pia wakati wa kupunguza mzigo, si kwa mwinamo wa mwanzo pekee.

Kisha kuna mawimbi ya nyuzi. Mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) unaopita juu na chini ya mshindio (nyuzi za kukingama) hauko sambamba na mvuto, hivyo kanuni rahisi ya uwiano wa ujazo, inayojumlisha ukakamavu wa uzi na wa metali kulingana na sehemu ya ujazo wa kila kimoja, hukadiria kupita kiasi. Vipimo vya mawimbi hayo vitoke kwenye picha za hadubini za kipande chenyewe, kwa kuwa kitambaa kikavu hubanwa wakati wa kumimina metali. Hakikisha vilevile kwamba kipima mrefuko (kifaa kinachopima kurefuka kwa kipande) kinafunika marudio kadhaa ya ufumaji.