Jibu: Bibi anamuulizia babu aliyefariki

Habari ndugu, pole sana. Unasema kila jioni bibi anamuulizia babu aliyekwishafariki, na mkimwambia ukweli analia upya.

Kwanza, hali imeanza ghafla? Kama ni siku chache tu, mpelekeni hospitali apimwe mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo huwavuruga wazee akili. Bebeni na dawa zake zote daktari azione.

Kama imekuja polepole, acheni kumsahihisha. Bibi yangu alikuwa akisimama mlangoni, viatu mkononi, akimsubiri mumewe. Siku moja nikamuuliza, "Babu alipenda nini?" Akakaa, akasimulia mpaka viatu vikamponyoka. Hakulia.

Na washeni taa kabla giza halijaingia. Vivuli vilikuwa vinamtisha sana bibi yangu.