Mkeo hajapotea Berlin, wewe ndiye hujafika

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, mzaliwa wa Tandahimba. Niko Berlin mwaka wa kumi na moja huu, nafanya kazi ghalani kwa zamu. Mke wangu ni mtu wa Lindi. Miaka minne iliyopita nilimleta yeye na watoto wetu wawili, na masomo ya Kijerumani aliyosoma Dar nililipa mimi. Alipofika alikuwa mke mwema, akasafisha hoteli usiku, tukachangia nyumba yangu ninayojenga Mangamba, Mtwara. Sasa amebadilika. Ameacha zamu za usiku, anasoma kozi, na mchango wake wa nyumba umepungua nusu. Jumamosi tukikutana Waswahili yeye anashinda bustani ya mtaa na vikongwe wa Kijerumani, anawapikia majani ya maboga. Barua za ofisini anafungua yeye kwanza. Mkutano wa wazazi shuleni alisimama akaongea, watu wakacheka, mimi nimekaa kimya. Mwezi uliopita alitumia hela kupeleka watoto makumbusho kuangalia mifupa. Watoto wanaongea Kijerumani mbele yangu. Mwacha mila ni mtumwa, Shangazi. Nataka nimrudishe Lindi akakae kwa mama yake mpaka akili imrudie. Nishauri. Baba Wawili, Berlin."

Marahaba, mwanangu, na pole. Zamu ya usiku kwenye baridi ile si mchezo, na simu za huku nyumbani nazijua zinavyokufuata. Januari ada za shule, masika bati limeng'oka, na korosho ikiuzwa bei ya chini mnadani ndugu wote wanakukumbuka siku hiyo hiyo. Tunawapigia kuomba, hatuwapigii kuuliza mmekula nini. Hilo ni kosa letu sisi tuliobaki huku.

Pole imetosha. Sasa tuisome barua yako.

Malalamiko ni mengi, lakini pesa umeitanguliza. Mke alikuwa mwema wakati anasugua vyoo vya hoteli usiku na kukukabidhi mshahara. Ameharibika mchango ulipopungua nusu. Usingepungua, hao vikongwe wa bustanini ungewaita majirani wema. Halafu unaandika bila wasiwasi: "tukachangia nyumba yangu". Mlichangia wawili, nyumba ikawa ya mmoja? Mahakama ya Rufani ya nchi hii ilishasema tangu 1983 kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, sembuse huyu aliyetoa euro mkononi. Kabla hujafikiria rangi ya kupaka hiyo nyumba, angalia kiwanja kimeandikwa jina la nani.

Jambo la pili ni aibu, na hapa ndipo panapokuuma zaidi ya pesa. Mkutano ule hawakukucheka wewe. Mkeo alisema neno, wazazi wenzake wakafurahi, na wewe hukujua alichosema. Miaka kumi na moja, mwanangu! Yeye ana minne. Barua anazifungua kwa sababu wewe zikikufikia zinalala mezani. Unamlaumu mtu kwa kuwa macho yako. Hata hiyo fahari kwamba masomo ya Dar ulilipa wewe haikusaidii, maana mwenza anayekwenda kuungana na familia Ujerumani kwa kawaida hadaiwi mapenzi tu, anadaiwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya viza. Ulilipia ajue lugha. Ameijua. Sasa unataka kumrudisha kwa mama yake kwa sababu ameijua.

Nije kwenye mifupa, maana hapo umenigusa mimi na mkoa mzima wa jirani.

Unaandika "mifupa" kana kwamba mkeo aliwapeleka watoto machinjioni. Kama makumbusho yenyewe ni Museum für Naturkunde, yale ya viumbe wa asili, basi mtu wa Lindi alikwenda kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale. Mjusi huyo alifukuliwa huko Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, Maji Maji imezimwa juzi tu na vijiji vya huku havijapona njaa yake. Wataalamu walitoka Berlin, lakini waliochimba ni mababu zetu, mamia kwa mamia. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa vizuri, ikabebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mwendo wa miguu mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa melini. Leo mjusi mmoja amesimamishwa ndani ya jumba hilo la makumbusho, mita 13 na ushei kwenda juu, na watu wanatoka dunia nzima kumtazama. Hata bungeni Dodoma limeulizwa kama arudi nyumbani au sisi tunufaike vipi naye.

Wewe umekaa mji mmoja na mjusi huyo mwaka wa kumi na moja, na kwa jinsi ulivyoandika hujawahi kumtia machoni. Mkeo kawachukua wanao, kawapandisha treni, kawasimamisha chini ya shingo ile ndefu. Mtoto wa miaka saba akiambiwa huyu katoka kwa bibi yako, watu wa kwenu ndio waliombeba, atatembea katika mji ule kichwa juu. Nani kati yenu ameacha mila?

Na hayo majani ya maboga. Mwanamke anakaa Berlin, anamenya nyuzi za mabua jani kwa jani, anayakatakata, anayaunga karanga, anampakulia bibi wa Kijerumani ambaye maisha yake yote alikula boga na majani akatupa. Huyo unaniambia amesahau kwao? Amekupelekea kwenu mpaka mlangoni, wewe umekaa sebuleni kwa Waswahili mnawasema Wajerumani ambao hamjawahi kuongea nao.

Sikwambii uwaache wenzako. Siku ya msiba ndio watakaochanga maiti irudi, Ramadhani ndio mtakaofuturu nao, na mtoto akiugua usiku ndio utakaowagongea. Jumuiya ni ngao. Lakini wengi wenu mmeigeuza kuwa chumba cha kujificha. Mnaishi Ulaya kama abiria waliolala stendi, mizigo imewekwa miguuni, mnasubiri basi la kurudi ambalo kila mwaka mnasema ni la mwaka kesho. Nyumba ya Mangamba inapanda tofali kwa tofali, na nyie mnakoishi hamjui jirani wa mlango wa pili anaitwa nani. Miaka inayopita hivyo hairudishwi na mtu, na nguvu zenu zinaishia huko huko.

Unanitajia mila. Mila ya kwetu ni kumjua jirani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waulize wazee wa Newala habari za Wamawia waliovuka Ruvuma vita vya Msumbiji vilipoanza 1964. Uhuru wao ulipokuja 1975 kuna waliorudi na kuna waliobaki, na waliobaki walilima nasi, wakachonga, wakaoa, wakaozesha, wakazika nasi. Hakuna aliyewaambia wameacha kwao. Nenda Ndanda na Nyangao ukaone. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki waliotoka huko huko Ujerumani, walijifunza lugha zetu, wakajenga hospitali, wakazeeka hapo, na makaburi yao yako hapo. Mjerumani aliweza kuwa mtu wa Ndanda akabaki Mjerumani. Mtu wa Tandahimba anashindwa nini kuwa mtu wa Berlin?

Wanaume wa siku hizi mna jambo linalonisikitisha sana. Mnawapandisha wake zenu ndege, mnawapeleka nchi yenye theluji, sheria nyingine, shule nyingine, halafu mnataka wabaki vile vile walivyokuwa siku ya kuaga nyumbani. Mke akiogopa kupanda basi peke yake, mnasema ana heshima. Akijua njia, amepotoka. Wapo wanawake pia wanaofika huko wakamwona mume hana maana, nao nimewahi kuwaandikia humu kwa ukali, lakini mkeo si mmoja wao. Mwanamke aliyekuchoka habebi barua zako kuzishughulikia. Jandoni hukufundishwa kwamba mwanaume ni yule anayetia saini karatasi asiyoielewa.

Jambo moja una haki nalo. Watoto lazima wajue Kiswahili, vinginevyo siku moja mama yako atapiga simu na wajukuu watamkodolea macho. Ila nijibu: wewe ukitoka zamu unaongea nao nini? Kiswahili cha watoto unakidai kwa mama peke yake. Wasimulie wewe. Watume kwa Kiswahili, wakosoe kwa Kiswahili, waimbie. Mtoto anashika lugha ya mtu anayekaa naye.

Hilo la kumrudisha Lindi lifute kabisa. Mtu mwenye kibali cha kawaida akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali kinaweza kufa. Sitaki kuamini kwamba unalijua hilo na ndiyo sababu umelichagua. Na watoto utawaweka wapi? Utaamka saa ngapi kuwapeleka shule nawe unatoka ghalani alfajiri? Nani atakaa kwenye ule mkutano wa wazazi?

Fanya hivi. Wenye nchi wameweka kozi kwa wageni, vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na maisha ya pale. Nenda ofisini ukaulize kama bado una nafasi. Ikishindikana, kuna Volkshochschule, vyuo vya watu wazima vya mitaa, vina madarasa ya jioni kwa ada nafuu. Utakaa darasani na vijana, utakosea, utachekwa kidogo, utazoea. Jumamosi moja katika mwezi wape Waswahili udhuru, uende bustanini ukalime. Umetoka Tandahimba, jembe unalijua kuliko hao vikongwe wote, na hapo hata lugha haitakushinda maana mtaonyeshana kwa mikono. Jumapili moja watoto wakupeleke kwa mjusi, wao wawe wenyeji wako, wakusomee vibao.

Kuhusu nyumba, kaeni mpange upya. Jina lake liingie kwenye hati, na mchango uwe ule anaouweza sasa akiwa anasoma. Akimaliza kozi akapata kazi ya mchana yenye mshahara wa maana, mtajenga haraka kuliko alivyokuwa anakesha na dekio.

Usiku wa leo, watoto wakilala, muulize anataka nini katika maisha yenu ya huko, kisha unyamaze umsikilize mpaka mwisho. Ukiniandikia tena niandikie alichokujibu, maana katika barua yote hii hukuninukulia sentensi hata moja aliyoisema yeye.