Nionyesheni Mshahara wa Mwezi wa Nne

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: mbali na kulipa ada getini, kampuni za utalii zifanye nini kuzilinda hifadhi zetu? Nimeendesha wageni kutoka Arusha kwa miaka ishirini na miwili, Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, mpaka mgongo uliponiambia basi. Mtaani kwetu dereva mwongozaji huitwa "gaidi", neno la Kiingereza lililotoholewa kwa bahati mbaya. Mama mkwe wangu alipolisikia mara ya kwanza nusura avunje uchumba. Basi hili ni jibu la gaidi mstaafu.

Najua mtaambiwa sana habari za kupanda miti na kupunguza plastiki. Sina ugomvi nazo. Ila mimi, kabla mwenye kampuni hajanionyesha picha za miti yake, ningemwomba anionyeshe karatasi ya mshahara wa dereva wake ya mwezi wa nne.

Mwezi wa nne ni masika. Wageni ni wa kuhesabu, kambi nyingi zimefungwa, magari yako gereji. Kampuni nilizozifanyia kazi zote, isipokuwa moja, zilimlipa dereva kwa safari. Pasipo safari hapana malipo. Kwa hiyo mwezi wa sita dereva anaingia msimu akiwa na deni la ada ya shule, deni la dukani na deni la shemeji. Kitakachomtoa ni tipu. Tipu hutolewa na mgeni aliyefurahi, na mgeni aliyefurahi, kwa jinsi ofisi ilivyomuuzia safari, ni yule aliyewaona wale wanyama watano wakubwa (simba, chui, tembo, nyati na kifaru), pamoja na duma, kwa karibu, ndani ya siku tatu.

Nitaungama. Msimu mmoja, kwenye tambarare za mashariki mwa Serengeti, nilikuwa na familia ya watu wanne walioahidiwa duma. Siku ya pili jioni tukampata: jike na watoto watatu, mita mia tatu hivi kutoka barabarani, amejilaza juu ya kichuguu akiwapigia hesabu swala tomi. Sheria ya pale naijua kama jina langu, gari halitoki nje ya barabara. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna askari. Nikatoka. Wenzangu wawili waliokuwa mbali wakaliona vumbi langu wakalifuata, maana porini vumbi ni redio isiyohitaji betri. Magari matatu tukamzunguka. Swala wakaenda zao. Duma akainuka, akawaita watoto kwa ile sauti yake inayofanana na ya ndege, wakaondoka na njaa yao. Wageni walipata picha nzuri sana. Mwisho wa safari baba wa familia alinipa bahasha yenye dola mia tatu. Ada ya muhula mzima ya binti yangu ilitoka humo, naye mpaka leo hajui.

Duma huwinda mchana, kwa hiyo saa zake za kazi ndizo hizo hizo zetu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka wetu. Palipokuwa na magari mengi, jike alifanikiwa kukuza wastani wa watoto 0.2 kwa uzao mpaka wakajitegemea. Palipokuwa na magari machache, 2.3. Yaani penye magari mengi, mizao mitano ndiyo itoe mtoto mmoja. Niliposoma nikawakumbuka wale watatu.

Mwambie mwenye kampuni habari hii, atakujibu kwamba ana sera, iko kwenye tovuti, na kila dereva ameisaini. Ni kweli, niliisaini. Niliisaini katika ofisi ile ile iliyompa mgeni fomu mwisho wa safari yenye swali: je, uliwaona wanyama wote uliowatarajia? Fomu hiyo ndiyo iliyoamua nani apewe safari inayofuata. Hapakuwa na swali kama dereva alizima injini, wala kama alikataa kutoka barabarani na alieleza kwa nini. Kubadilisha fomu hakuhitaji mfadhili.

Halafu kuna ratiba. Watu hulalamika kuwa magari ya watalii yanakimbia Serengeti, na wana haki, kikomo ni kilomita 50 kwa saa na sisi wengine tulikuwa tukikiona kama pambo. Lakini ulizeni tulikuwa tunakimbilia nini. Kibali cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia lango la Naabi saa saba mchana, siku ya kuondoka uwe umetoka kabla ya saa saba. Ukipitiliza, inalipwa siku nyingine kwa kila mgeni. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilikata hela hiyo kwa dereva. Sasa asubuhi ya mwisho simba wamelala na watoto juu ya mwamba, mgeni anaomba dakika kumi zaidi, unampa arobaini kwa sababu ya bahasha, kisha unazifidia barabarani kwa kilomita 80 au 90. Kobe anayevuka barabara hana habari ya kibali chako.

Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Anayemuuzia mgeni Tarangire, kreta ya Ngorongoro na Serengeti kwa siku tatu ameshauza na mwendo kasi ndani yake, hata kama hakuuandika kwenye bei. Ratiba ipangwe na mtu aliyewahi kuishika njia hiyo kwa mikono yake, aache nusu siku ya ziada, na ada ya kuchelewa iwe gharama ya ofisi. Wageni watalala usiku mmoja zaidi, na hilo si hasara kwa mtu yeyote niliyemjua.

Mtihani mkubwa uko Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, nyumbu wanapovuka mto Mara. Nyumbu si watu wa kuamua haraka. Watasimama ukingoni saa nzima, pengine saa tatu, watashuka kidogo, watarudi, watasukumana, vumbi litapanda, kisha mmoja ajitose na maelfu wamfuate. Magari yanatakiwa kukaa nyuma mpaka safu iwe imeshika maji. Akitokea dereva mmoja wa kuwasha injini mapema, zinawaka zote, kila mtu anakimbilia ukingoni, na nyumbu wanageuka au wanatafuta pa kuvukia pengine, penye kingo za wima wanakovunjika miguu.

Ni hapo hapo nilipojifunza jambo. Kulikuwa na kampuni moja ambayo wageni wake tuliwashangaa. Sisi wengine nyuma ya gari tulikuwa na watu wanaotugonga bega, "sasa, sasa, twende!" Wao walikuwa wanakunywa chai. Nilimuuliza dereva wao siri yake akacheka: tangu barua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kulipa, ofisi huwaandikia kwamba kuvuka kunaweza kusitokee, na kwamba dereva hatasogea mpaka wanyama waingie majini. Mgeni aliyeahidiwa na mgeni asiyeahidiwa ni watu wawili tofauti kabisa ndani ya gari.

Kwenye Kilimanjaro ni wimbo ule ule kwa sauti nyingine. Mzigo wa "mgumu", yaani mbebaji wa mlimani, hupimwa getini, kikomo kilo 20. Lakini mtu anayelipwa kidogo, akala mlo mmoja, mnamtegemea ateremshe na takataka za wenzake kutoka kambi ya Barafu? Kabla ya kuuliza mlima umesafishwa vipi, ulizeni mbebaji amelipwa ngapi na amekula nini. Plastiki sitaisemea sana, maana mifuko ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na hatukufa. Ila lile boksi la chakula cha mchana, lenye juisi ya pakiti, keki ndani ya nailoni na paja la kuku ndani ya foili, liondoke. Chakula cha moto kwenye hotipoti kinawezekana, mpishi alalamike kidogo. Aliyewahi kula pale Ngoitokitok, kituo cha mapumziko ndani ya kreta, anawajua mwewe wa pale, wanavyolishukia lile paja likiwa njiani kwenda mdomoni. Wamefundishwa na maboksi yetu.

Nirudi kwenye jambo zito. Hifadhi zetu hazina uzio. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka nje ya mipaka, huenda kuzalia kwenye tambarare za Simanjiro, kwenye ardhi ya vijiji, kisha kiangazi hurudi mtoni. Anayeuza Tarangire mwezi wa nane anauza wanyama waliolelewa na kijiji mwezi wa pili, na kijiji hicho hakina geti la kukusanyia ada. Yapata miaka ishirini sasa, kampuni chache za utalii zilikwenda kukaa na kijiji cha Terrat, wakaandikiana: kampuni zitakilipa kijiji kila mwaka, nacho kitaiacha sehemu ya tambarare yake bila kulimwa, bila kuchoma mkaa na bila ujangili. Ng'ombe wa Wamasai waendelee kulisha humo kama siku zote. Hakuhamishwa mtu. Hazikuwa fedha za kujenga ghorofa, lakini zilikwenda kwa kijiji, kwa mkataba, kwa kazi ambayo kijiji kilikuwa kinaifanya bure. Hilo kwangu ndilo jibu bora kuliko yote niliyoyaona katika kazi hii, na nashangaa kwa nini bado tunalitaja kama kioja. Kati ya Tarangire na Manyara nako kuna Burunge, vijiji kumi vilivyounganisha ardhi yao kuwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Kampuni inayolaza wageni humo inawalipa wenye ardhi. Lodge ya mjini inaweza kuwa rahisi zaidi. Atakayechagua ni ofisi, mgeni hajui hata tofauti yake.

Nimesema kwa kijiji, kwa mkataba, kwa sababu ile njia nyingine naijua. Mgeni anataka kuona boma, ofisi inampa dereva hela taslimu ampe mzee wa boma. Miaka ile niliyoanza, nusu ilifika kwa mzee na nusu ilibaki mfukoni kwangu, na kina mama walilazimika kutuuzia shanga kwa kung'ang'ania kwa sababu kiingilio hawakukiona. Wageni wakarudi kwao wakiandika kuwa Wamasai ni wasumbufu. Leo kuna malipo ya simu. Kampuni iyatume yenyewe, moja kwa moja, na risiti isomwe mbele ya mgeni na mbele ya boma. Madereva watanichukia kwa hili. Wanichukie, lakini walipwe mwezi wa nne.

Kijana wangu wa pili naye ni gaidi. Kampuni yake ni ndogo, ina magari sita. Analipwa miezi yote kumi na miwili, na tipu za kila safari huingia kwenye sanduku moja linalofunguliwa mwisho wa mwezi, kila mtu anapata, mpaka kijana anayeosha magari. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia wanamwibia.

Juzi alinipigia simu kutoka Seronera.

"Baba, shikamoo. Leo tumekaa saa mbili kwenye pango la fisi."

"Marahaba. Fisi? Wageni hawakulalamika?"

"Vitoto vilikuwa vinagombea unyoya wa mbuni. Yule mama alicheka mpaka akatoa machozi, akakataa tuondoke."

Nikamuuliza kuhusu duma. Akasema alikuwepo, mbali, walimtazama kwa darubini, akakamata swala wake akala. Basi nikamuuliza lile ambalo dereva mzee hawezi kuacha kuuliza: na tipu, ilikuwa kiasi gani?

"Sijui, Baba. Iko kwenye sanduku."