Maswali na Majibu: Furukombe wa Mto Dyfi

Mwezi uliopita niliandika hapa habari za Telyn na Idris, jozi ya furukombe (ndege mla samaki, kwa Kiingereza osprey) wa bonde la mto Dyfi, Wales, ambao kiota chao hutazamwa mubashara kwa kamera kuanzia majira ya kuchipua mpaka wanapoondoka kuja Afrika. Ni ndege wa porini. Hakuna anayewafuga wala kuwalisha. Wamesimamishiwa nguzo yenye jukwaa juu, na kazi nyingine zote ni zao. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo, nami nimechukua yale yaliyojirudia.

Furukombe huyo si ndiye kwazi wetu wa ziwani, yule anayepiga yowe asubuhi? (Msomaji, Mwanza)

Si yeye, ingawa wote wawili ni wavuvi na huweza kuonekana kwenye ziwa moja. Kwazi ana kichwa na kifua cheupe pe, tumbo la rangi ya kutu, na yuko kwetu mwaka mzima, anazaa hapa hapa. Furukombe ni mwembamba kidogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na mstari wa rangi nzito unaopita kwenye jicho la manjano hadi shingoni. Kwetu ni mgeni wa msimu.

Namna ya kuvua pia ni tofauti. Kwazi kwa kawaida humkwapua samaki juu juu. Furukombe hujitupa majini miguu ikiwa mbele, na mara nyingine huzama mwili mzima kabla ya kujinyanyua tena. Nyayo zake zina vijiba vikali vya kumshika samaki anayeteleza, na kidole chake cha nje hugeuka nyuma, hivyo samaki hubanwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Akishapaa humweka samaki kichwa kitangulie, apasue hewa bila kumchosha.

Shikamoo Mwalimu. Je, dume na jike husafiri pamoja kuja Afrika? Na mmoja asiporudi, mwenzake hufanyaje? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Hawasafiri pamoja, wala hawakai pamoja huku. Jike huondoka kwanza, mara nyingi Agosti, makinda wakiwa tayari wanaruka. Dume hubaki akiendelea kuwaletea samaki hadi nao waondoke, ndipo naye anaondoka. Wakiwa Afrika kila mmoja ana pwani yake au mto wake. Telyn amewahi kuonekana Gambia, akatambuliwa kwa pete ya bluu mguuni iliyoandikwa 3J. Kutoka Dyfi hadi huko ni zaidi ya kilomita 4,000.

Kinachowakutanisha tena ni kiota. Kila mmoja hurudi mahali pale pale mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na mwenzake akitokea, maisha yanaendelea. Asipotokea, hakuna kusubiri kwa muda mrefu, kwa sababu kiangazi cha kaskazini ni kifupi na mayai yakichelewa makinda hawatakuwa na nguvu za safari. Mfano uko pale pale Dyfi. Dume aliyeitwa Monty alianza kulea makinda mwaka 2011 pamoja na Nora. Mwaka 2013 Nora hakurudi, akaja Glesni. Mwaka 2018 Glesni hakurudi, akaja Telyn, ambaye alianguliwa Rutland, Uingereza, mwaka 2013. Kisha mwaka 2020 ikawa zamu ya Monty mwenyewe kutorudi. Telyn alifika, akakaa kwenye kiota, na siku chache baadaye dume mwingine akaanza kumletea samaki. Huyo ndiye Idris.

Watu waliompenda Monty waliumia sana mwaka ule, nami nilikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyeona mwisho wake. Kwa ndege hawa kifo hutokea mbali na kamera, na habari yake ni kiti kitupu.

Nikitazama kamera naona jike amelala tu juu ya mayai siku nzima. Huo si msimu wa kuchosha? Nani anamlisha? (Msomaji, Bristol)

Dada yangu, tazama tena polepole. Hapo ndipo penye mambo mengi.

Jike hutaga mayai matatu kwa kawaida, yakipishana siku mbili au tatu, meupe yenye madoa ya kahawia nyekundu. Kila moja huatamiwa kwa siku 37 hivi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya jike, lakini dume akileta samaki hubadilishana: jike huchukua samaki na kwenda kula kwenye tawi au nguzo ya karibu, dume huingia kiotani. Angalia miguu yao wakati huo. Wale wale wenye kucha za kuua samaki hukunja vidole kama ngumi wanapotembea karibu na mayai, wasiyatoboe. Kila nikiliona hilo huisogelea skrini.

Angalia pia samaki anayeletwa. Mara nyingi hana kichwa, kwa kuwa dume ameshakila pembeni kabla ya kumleta. Anakula ili aweze kuvua tena. Pale Dyfi maji ya bahari huingia mtoni, kwa hiyo utawaona mikizi, gayogayo na samaki wa mtoni, kutegemea maji kujaa na kupwa. Makinda wakishaanguliwa dume halali njaa tu, hata usingizi wake hupungua: makinda watatu wakubwa pamoja na mama yao huweza kumaliza samaki watano au sita kwa siku. Mvua ikichafua mto, hawaoni samaki, na utamsikia jike akilia kwa sauti nyembamba inayokatika katika, saa nzima bila kukoma. Anamdai mume chakula.

Makinda huruka kwa mara ya kwanza wakiwa na siku hamsini na kidogo. Kabla ya hapo utawaona wakipiga mabawa na kuinuka juu ya kiota hatua moja, mbili, kisha wanashuka pale pale. Wasipofaulu kutua vizuri mara ya kwanza usishtuke.

Nimeona kinda mdogo akidonolewa na wakubwa wake mpaka anainamisha kichwa. Watu wana kamera, kwa nini hawaendi kumsaidia? Huu ni ukatili. (Msomaji, Nairobi)

Naelewa uchungu wako. Sababu ya kupigana ni kwamba jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza, kwa hiyo la kwanza ndilo linaloanguliwa kwanza, na wa mwisho anazaliwa akiwakuta ndugu zake wameshakua kidogo. Samaki wakiwa tele, wakubwa hushiba na kulala, na mdogo hupata zamu yake. Samaki wakiadimika, mdogo hufa. Kwa njia hiyo angalau wengine wanapona.

Kuna mara moja watu wa Dyfi waliingilia kati. Juni 2012 upepo na mvua vilipiga kwa siku mfululizo, Monty akashindwa kuvua vya kutosha, na makinda wawili kati ya watatu wakafa. Walinzi walipanda kiotani, wakamlisha samaki aliyebaki, wakaacha samaki wengine pale. Aliishi, akapewa jina la Ceulan, akaruka, akavuka Sahara mpaka Senegal. Huko huko alikufa akiwa amenasa kwenye wavu wa samaki, hata mwaka haujaisha.

Mimi nasema walifanya vyema, kwa kuwa ndege waliokuwa wanazaa Wales wakati ule walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Lakini sitaki ifanywe desturi. Kumpandia ndege kiotani ni kumtisha mama, na mama akiondoka kwenye baridi makinda wote wako hatarini. Sheria ya Uingereza inakataza kabisa kusumbua kiota hiki bila kibali. Siku inayoruhusiwa ni ya kuwavisha pete, makinda wakiwa na wiki tano au sita, na kazi hiyo ni ya watu wenye leseni.

Huku Oman furukombe wanazaa wakati wa baridi, si kiangazi. Ni aina nyingine? (Msomaji, Muscat)

Ni aina ile ile. Joto la kiangazi chenu lingeyapika mayai, kwa hiyo wa kwenu hutaga miezi ya baridi na wengi hawahami. Kwenye visiwa visivyo na mnyama wa kuwadhuru hujenga hata chini juu ya mawe. Msiwakaribie kwa mashua wakati huo.

Nilisikia wanalindwa usiku na mchana. Nani anataka yai la ndege? (Msomaji, Kilifi)

Wakusanyaji wa mayai, kaka. Kwa miaka mingi Uingereza kulikuwa na watu waliojaza makabati maganda ya mayai ya ndege adimu, na kadiri ndege alivyozidi kuadimika ndivyo walivyozidi kumtafuta. Furukombe walikuwa wametoweka Uskoti mwanzoni mwa karne ya 20, kwa bunduki na kwa wizi huo. Walipoanza kurudi huko miaka ya 1950 karibu na ziwa la Loch Garten, mwizi alipanda mti usiku mwaka 1958, akachukua mayai na kuacha ya kuku yaliyopakwa kiwi ya viatu ya kahawia.

Mwaka uliofuata George Waterston wa chama cha kulinda ndege, RSPB, aliamua jambo ambalo wengi waliliona la hatari: badala ya kuficha kiota, akakitangaza na kuwakaribisha wananchi waje watazame kutoka kibandani. Maelfu walikuja. Macho mengi yakawa ulinzi. Kamera za leo zimetokana na uamuzi ule.

Hata hivyo uovu haujaisha. Mwishoni mwa Aprili 2021, kwenye ziwa la Llyn Brenig kaskazini ya Wales, mtu alifika usiku na kuikata nguzo ya kiota kwa msumeno wa moto, yai likiwa ndani. Sijapata sababu yoyote inayoweza kuelezea jambo kama hilo.

Wazazi huwaonyeshaje watoto njia ya kuja Afrika? (Msomaji, Bujumbura)

Hawawaonyeshi. Kila kinda huondoka peke yake, bila kiongozi, akifuata mwelekeo aliozaliwa nao. Hukaa Afrika mwaka mzima na zaidi, na wengi hurudi kaskazini wakiwa na miaka miwili. Zaidi ya nusu hawafikii umri huo.

Hao wa Wales huenda Afrika Magharibi. Sisi wa Ziwa Victoria tunaowaona wanatoka wapi? Na nikimkuta mwenye pete nifanye nini? (Msomaji, Siaya)

Wengi wanaofika kwetu hutoka kaskazini mashariki ya Ulaya, nchi kama Ufini na Urusi. Wewe uko kwenu hasa: Januari 2022 wakazi wa Siaya walimkuta furukombe aliyedhoofika, mguuni ana pete ya makumbusho ya Helsinki. Alikuwa ameruka karibu kilomita 7,000. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilimchukua akatibiwe, lakini akafa.

Watafute kuanzia Oktoba hadi Machi: Naivasha, Baringo, hori la Mida, kandokando ya Ziwa Victoria. Anapenda kukaa kwenye mti mkavu au nguzo iliyo karibu na maji. Wavuvi, nyavu zilizochakaa msiziache majini wala ufukweni. Zitoeni, zichomwe au zifukiwe mbali.

Ukimkuta amenasa, mfunike kichwa kwa kitambaa atulie, shika miguu juu ya kucha, kata uzi badala ya kuuvuta. Piga picha ya pete ili herufi na namba zote zisomeke, andika tarehe na mahali, upeleke kwa maofisa wa wanyamapori au makumbusho ya taifa. Akiwa mzima mwachie hapo hapo. Na ukimkuta amekufa bado isome pete na kuipeleka, kwa kuwa huko alikoanguliwa wapo wanaongoja kujua alifika wapi.