Jibu kwa kijana anayetia saini bondi Ijumaa: weka kalamu chini

Weka hiyo kalamu chini kwanza. Umeuliza mambo manne: mshahara, mahali pa kukaa, saa utakazoruka kwa mwezi, na kama kazi ya rubani msaidizi kwenye kampuni ndogo hapa Mombasa inalipa. Halafu katikati ukapenyeza, kama mtu anayetaja mvua, kwamba Ijumaa unasaini bondi ya miaka miwili (kampuni inakulipia mafunzo, ukiondoka mapema unairudishia) ya taipu retingi ya Dash 8, yaani kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege, na kwamba "ni ya kawaida tu, kapteni mmoja amenihakikishia". Hapo chai ilinipalia.

Kawaida! Neno hilohilo niliambiwa Agosti 2018, nikiwa na saa 214 kwenye logibuku, daftari la saa za kuruka. Leseni ya rubani wa biashara inataka 200, kwa hiyo nilikuwa na saa 14 nzima za ubingwa. Kapteni wangu naye alikuwa mtu mwema sana, alinikalisha barazani Mwembe Tayari akaninunulia kahawa chungu na kashata. "Saini, mdogo wangu. Bondi ni karatasi, hakuna anayeifuata." Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye hajasaini bondi hata moja maishani mwake, aliingia na retingi aliyojilipia kwingine. Mwanamume ananifundisha uchungu wa kuzaa! Hadi leo nikiona kashata nageuza uso.

Sasa fuata hesabu, yakhe, maana mimi sikuifuata.

Bondi yangu ilikuwa dola 18,000, miezi 24. Kichwani mwangu miezi ilianza siku ya kutia saini. Kwenye karatasi ilianza "siku rubani atakapoachiliwa laini", yaani baada ya simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, baada ya safari zote na kapteni mkufunzi, baada ya mtihani wa mwisho wa angani. Simuleta nilimaliza Oktoba. Nikarudi Mombasa na sare mpya, nikaikuta ndege yenyewe imeegeshwa kando pale uwanja wa ndege wa Moi, propela moja imefungwa, inangoja gia-boksi. Ikangoja. Kaskazi ikavuma, watalii wakaja, wakaota jua, wakarudi kwao, gia-boksi bado iko njiani. Kampuni yenye ndege mbili ikilaza moja, ile iliyobaki wanagawana wakubwa, na mafunzo yako yanakaa chini ya foleni. Niliachiliwa laini Aprili 2019, masika yanaingia na viti vinaanza kuwa vitupu. Miezi minane ya kwanza haikuhesabiwa hata siku moja.

Na posho hulipwa kwa saa za kuruka, kwa hiyo miezi hiyo nilikula mshahara mkavu. Nilikuwa napanda matatu ya Magongo nimevaa mistari miwili begani, na makanga ananiambia, "Soja, songa kidogo mama akae." Sikumsahihisha. Soja mwenyewe pengine alikuwa ananizidi kipato.

Ikaja 2020 na korona. Mnakumbuka wenyewe. Ndege za abiria za ndani zilirudi 15 Julai, lakini wa mwisho kuajiriwa ndiye wa mwisho kuitwa, mimi niliitwa Oktoba. Kumbe kulikuwa na kifungu kingine kwenye ukurasa ambao niliufunua tu nipate mahali pa kutia saini: likizo isiyo na malipo haiingii kwenye hesabu ya bondi.

Mei 2021 nikapata nafasi kwingine, kampuni yenye ndege nyingi zaidi, mahali ambapo mtu anaweza kweli kuzifikia saa 1,500 za leseni ya juu kabla hajapata mvi. Nikahesabu: Agosti 2018 hadi mwisho wa Mei 2021, miezi 34. Nimepitiliza kwa miezi kumi! Nikaandika barua ya kuacha kazi kwa furaha, hata salamu za shukrani nikaweka. Jibu likaja: wewe una miezi 20.

Hata hayo ningeyavumilia. Kilichonizamisha ni sentensi moja, kwamba rubani akiondoka kabla ya muda "atalipa gharama yote ya mafunzo". Yote, ndugu yangu. Ukiondoka mwezi wa kwanza ni dola 18,000, ukiondoka umebakisha wiki moja ni dola 18,000. Deni lingekuwa linapungua kila mwezi niliofanya kazi, ni dola 750 kwa mwezi, kwa hiyo miezi minne iliyobaki ingekuwa 3,000. Hizo ningezikopa kwa marafiki wawili watatu. Tena deni ni la dola na mshahara ni wa shilingi: nilisaini dola ikiwa kama shilingi 101, nikalipa ikiwa imepita 107.

Najua mtaniuliza kwa nini sikukaa hiyo miezi minne. Darasa kule lilikuwa linaanza Juni na hawakungoja mtu. Na miezi yao minne nilishaujua urefu wake. Barua ya kuniachilia wakakataa kuitoa hadi pesa ziingie. Nikachukua mkopo wa sako, haukutosha, mama akauza kiwanja chake cha Mtwapa. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na laiti angenilaumu.

Kinachoniwasha zaidi: kijana aliyeajiriwa nyuma yangu aliomba kifungu hicho kibadilishwe, deni lipungue kila mwezi. Wakambadilishia ndani ya siku mbili! Mimi sikuwa nimenyimwa. Sikuwa nimeomba.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya jambo lolote, tafuta maneno haya mawili: deni linapungua kila mwezi, na tarehe ya kuanza ni tarehe ya kalenda, siku na mwezi na mwaka, si "atakapoachiliwa". Wakisema mkataba ni mmoja kwa wote, hauguswi, jibu kwamba unampelekea wakili na utarudi Jumatatu. Kiti kinachoshindwa kukungoja hadi Jumatatu kitakungoja vipi gia-boksi ikivunjika? Wakili atakutoza elfu chache. Kapteni anakutoza kahawa, na umeona bei yake.

Nyumba: kaa Port Reitz au Magongo. Nyali inapendeza kwenye picha, lakini ukiripoti saa kumi na moja alfajiri na daraja la Nyali limefunga kwa foleni, halafu Makupa nayo, utaiona ndege yako ikiruka nawe uko ndani ya tuktuk. Saa za mwezi zinategemea msimu na, kama nilivyosema, gia-boksi.

Uliuliza na mshahara, eeh? Hebu kwanza piga picha ule ukurasa wenye neno "gharama", funika jina lako na la kampuni, uuweke hapa leo usiku. Kesho nina Lamu asubuhi, nitausoma nikirudi mchana.