Mjomba anasema Bush alikuwa rais mzuri, mimi nakataa

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha sita hapa Tanga, tumepewa kazi ya kupima mafanikio na mapungufu ya rais yeyote wa Marekani nikamchagua George W. Bush, yule mtoto wa Bush mkubwa, aliyekaa 2001 mpaka 2009. Shida ikaanzia nyumbani, mjomba wangu anasema hakuna rais wa kule aliyetufaa Waafrika kama huyo, mi nasema mtu aliyeivamia Iraq kwa sababu za uongo hawezi kuitwa mzuri hata angetujengea nini. Tumebishana mpaka mama akatutaka tunyamaze. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mko sahihi wote wawili, ila mnakosea pale mnapotaka kuchukua ya mjomba mkayatoa kwenye ya kwako ili mbaki na jibu moja. Haiendi hivyo. Aliyepona Morogoro kwa dawa za UKIMWI hamlipii aliyekufa vitani Baghdad, ni watu wawili tofauti na hakuna aliyewauliza kama wanakubali kubadilishana. Mi ningekushauri ujiulize swali jingine kabisa, imekuwaje mtu yule yule, mwaka ule ule, akafanya jambo moja vizuri vile na jingine vibaya vile.

Na sio mwaka ule ule tu, usiku ule ule. Tarehe 28 Januari 2003 Bush alisimama mbele ya Bunge lao kutoa hotuba ya hali ya taifa. Kwenye hotuba hiyo akasema Afrika ina watu karibu milioni 30 wenye virusi vya UKIMWI na wanaopata dawa ni elfu 50 tu, akaomba dola bilioni 15 kwa miaka 5, na huo ndo mwanzo wa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Haya, hotuba hiyo hiyo akasema Uingereza imegundua Saddam Hussein, rais wa Iraq, alikuwa anatafuta Afrika urani, madini ya kutengenezea silaha za nyuklia. Hilo la urani halikuwa na ushahidi wa kuaminika, Julai mwaka huo Ikulu yao yenyewe ikakiri halikutakiwa kuwemo. Kwa hiyo Afrika ilikuwemo kwenye hotuba moja kwa njia mbili, kuokolewa na kusingiziwa.

Sasa angalia yalivyopikwa. La dawa lilianza 2002, alimtuma Dokta Anthony Fauci, mkuu wa taasisi yao ya magonjwa ya kuambukiza, aje huku kuangalia kwa macho yake nini kinawezekana, akarudi na mpango, na sehemu kubwa ya walichojifunza ilitoka Uganda. Usiku wa hotuba Dokta Peter Mugyenyi wa Kampala alikuwa mgeni ndani ya ukumbi, amekaa na mke wa rais, mtu ambaye alikuwa anatibu wagonjwa hao kila siku. Wakati ule kulikuwa na wakubwa wanaosema Mwafrika hawezi kumeza dawa kwa saa, eti hana saa! Waliosikilizwa safari hii ni wale waliokuwa wodini. Mpango ukaja na hesabu zake, watu milioni 2 wawe kwenye matibabu ndani ya miaka 5, na mpaka anakaribia kuondoka 2008 hesabu hiyo ilifika, wakaongezewa dola bilioni 48. Mpaka leo PEPFAR inahesabiwa kuokoa maisha ya watu milioni 25.

Mi nina mama mdogo Morogoro ambaye yumo kwenye hesabu hiyo. Kabla ya dawa kuanza kutolewa bure tuliuza ng'ombe wawili tukanunua dozi ya miezi, ikaisha, tukakaa tunaangaliana. Alipoandikishwa CTC, kliniki ya wenye virusi, alikuwa anabebwa mgongoni. Kitu ninachokikumbuka mpaka leo ni kopo la vidonge, akitoka kliniki anajaza pamba ndani ya kopo ili lisilie kwenye daladala, maana ule mlio wa vidonge kila mtu alikuwa anaujua na abiria wanageuka kukutazama. Mjomba wako nadhani naye ana mtu wake ndo maana anabisha kwa uchungu. Usimdharau.

Ila usiandike kama vile Bush alikuwa malaika. Dawa zilishuka bei kutoka dola kama 12,000 kwa mwaka hadi chini ya 300 kwa sababu viwanda vya India vilitengeneza za kwao za bei nafuu na wanaharakati wakapiga kelele dunia nzima, yeye mwenyewe bei hizo alizitaja kwenye hotuba. Halafu miaka ya mwanzo pesa za PEPFAR zikawa zinanunua dawa za makampuni makubwa za bei mbaya, zile za India zikachelewa kukubaliwa, na theluthi nzima ya pesa ya kinga ikafungwa kwenye kuhubiri watu waache ngono wakati mke wa ndoa kaambukizwa na mumewe ndani ya nyumba yake. Na nchi zetu zikabweteka, Januari 2025 Washington ilipositisha misaada ndo watu wakagundua dawa ya ndugu zao iko mikononi mwa mtu mmoja kule. Hilo la mwisho mi siwezi kumtupia Bush peke yake, ni letu pia.

Haya njoo Iraq. Hapa mpangilio umegeuzwa, uamuzi umeshafanyika ndo wanatafutwa wa kuutetea. Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, aliulizwa na maseneta Februari 2003 akajibu kwamba kuishika Iraq baada ya vita kutahitaji askari laki kadhaa. Wakubwa wa wizara ya ulinzi wakamkana hadharani ndani ya siku chache. Machi wakaingia. Tarehe 1 Mei Bush akahutubia juu ya meli ya kivita, nyuma yake bango kubwa linasema kazi imekwisha, na mwezi huo huo Paul Bremer, msimamizi wao kule Baghdad, akalivunja jeshi la Iraq kwa karatasi moja. Hebu mwanangu fikiria hapo, wanaume laki kadhaa wamerudishwa nyumbani bila mshahara, wanajua kupigana, wanajua maghala ya silaha yako wapi, na wamedhalilishwa. Huhitaji kuwa mtaalamu kujua kitakachofuata. Silaha za maangamizi walizodai Saddam anazo hazikuonekana. Picha za askari wa Marekani wakiwadhalilisha wafungwa jela ya Abu Ghraib zikatoka 2004. Wairaki zaidi ya laki moja wamekufa na askari wa Marekani kama 4,500. 2007 akaongeza majeshi na mauaji yakapungua kweli, hilo mpe, lakini alikuwa anazima moto alioufungulia mlango mwenyewe.

New Orleans, jiji la kule kwao Marekani, ni hadithi ile ile kwa kifupi. Siku moja kabla ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, wataalamu walimwambia kwenye kikao cha video kwamba kingo za maji zina hatari. Kingo zikabomoka, watu wakakaa juu ya mapaa siku kadhaa wengi wao weusi na maskini, zaidi ya elfu moja wakafa, na yeye picha iliyobaki ni anachungulia dirishani kwa ndege akipita juu.

Kwa hiyo kwenye kazi yako usichore safu mbili za mafanikio na mapungufu, walimu wameshazichoka. Andika kwamba alifaulu pale alipokwenda kwanza kwa wanaojua kisha akaamua, na akafeli pale alipoamua kwanza. Halafu mpe mjomba asome.

SWALI: Niko Columbus, Ohio tangu 2004. Nyie huko mnamkumbuka kwa dawa na vyandarua, sisi huku tunamkumbuka kwa watu kutolewa nje na benki. Uchumi mbona hamuugusi? (Msomaji, Marekani)

JIBU: Una haki ndugu yangu. Alikabidhiwa serikali ambayo mwaka 2000 ilikuwa na ziada ya dola kama bilioni 236, akakata kodi 2001 na tena 2003 huku anapigana vita mbili, kaondoka deni limepita trilioni 10. Yale ya mikopo ya nyumba kupewa watu bila kukaguliwa kipato hayakuanzia kwake yote, sheria zilishalegezwa kabla, lakini wasimamizi walikuwa wake na walilala. Nitakachomsifia ni mwisho tu. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008 alikubali ushauri wa kina Paulson, waziri wake wa fedha, na Bernanke, mkuu wa benki kuu, akaliomba Bunge dola bilioni 700 za kuokoa benki, watu wa chama chake mwenyewe wakamkatalia tarehe 29, akarudi tena na Oktoba 3 ikapita. Benki zikapona. Wenye nyumba hawakupata mkono kama ule, na najua ndio hao unaowasema wewe.

SWALI: Assalaam alaykum. Kila mkimjadili Bush ni Iraq, Iraq. Sisi wa Pwani hatusahau Somalia wala watu wetu waliochukuliwa. Au hayo hayahesabiwi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Yanahesabiwa, na nashukuru umeyaleta maana hata mimi nilikuwa napita tu. Juni 2006 Mahakama za Kiislamu, muungano wa mahakama za sharia wenye wapiganaji wake, ziliichukua Mogadishu, na Desemba Ethiopia ikaingia Somalia huku Marekani ikiiunga mkono. Wakawatoa kwa muda mfupi tu kama Baghdad vile, na kama Baghdad hakuna aliyekuwa na jibu la kesho yake. Al-Shabaab wakati ule walikuwa kikundi cha vijana ndani ya Mahakama hizo, wazee wao wakakimbia wakabaki wao, wakapata sababu ya kupigana na jeshi la kigeni na vijana wakawafuata. Westgate 2013 watu 67, Garissa 2015 watu 148. Mi siwezi kusema bila uvamizi ule yasingetokea, ila walilelewa na ule uvamizi, hilo nalisema.

Na waliokuwa wanakimbia vita kuvuka kuja Kenya mwanzoni mwa 2007 wakakamatwa mpakani, wakiwemo wanawake na watoto, wakapakiwa ndege usiku kurudishwa Somalia na wengine wakaishia jela za Ethiopia. Zipo familia ambazo zilipita vituo vya polisi zinaulizia mtu wao na hakuna anayewajibu. Mkenya mmoja alikamatwa hapo hapo kwenu Mombasa Februari 2007, Machi akawa Guantanamo, jela ya jeshi la Marekani kule Cuba. Amerudishwa Kenya Desemba 2024, karibu miaka 18, na hajawahi kusomewa shtaka hata moja.